MIZANI YA JANA NA SIMU YA LEO

Maneno yaliyosemwa na Kamati ya Elimu mbele ya wanachama waliokusanyika Bariadi kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Miaka kumi si kitu katika umri wa mbuyu, lakini katika umri wa chama cha wakulima ni muda wa kutosha kumpima mtu na ahadi yake. Wenzetu waliotangulia wameeleza habari za mbegu, za viuatilifu, za maghala na za mikopo. Sisi tumepewa jambo jipya kidogo. Chama Kikuu chakusudia kuweka mikononi mwa kila mwanachama programu ya simu, ili aone kwa macho yake bei ya siku, uzito wa pamba aliyoipeleka ghalani, makato yake na malipo yake. Tumeombwa tueleze taarifa hizo hutoka wapi, husafiri kwa njia gani, na hufikaje kwenye kioo cha simu. Tena tuseme yatupasa kuangalia nini kabla hatujaipokea programu hiyo.

Neno letu kuu ni moja, nasi twalisema mapema ili lisipotee katika maelezo. Namba iliyo kwenye simu ni mizani. Na mizani, hata ikiwa mpya namna gani, haina faida kwa mkulima mpaka mkulima mwenyewe awe na njia ya kuisoma na kuihakikisha.

Tulikotoka

Wazee walio hapa waijua habari hii, ama waliipokea kwa baba zao. Kabla ya ushirika, mkulima wa Usukuma aliibeba pamba yake kichwani, au kwa mkokoteni wa ng'ombe, mpaka kwa mnunuzi. Pale palikuwa na mizani moja, na aliyeisoma alikuwa mnunuzi mwenyewe. Mkulima aliambiwa ratili zake; akaambiwa kama pamba yake ni safi au ni fifi; akapewa fedha, akaondoka. Pengine hesabu ilikuwa ya haki na pengine haikuwa. Lakini hakuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo lililouma kuliko upungufu wa ratili mbili tatu.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaoaminiwa, wasimame penye mizani na kusoma. Kutoka jambo hilo dogo vikakua vyama vya wakulima, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la vyama vikuu lililojulikana kwa herufi VFCU, ambalo kiongozi wake mashuhuri alikuwa Bwana Paul Bomani. Kufikia mwaka 1960 shirikisho hilo lilikuwa likisimamia ununuzi wa pamba katika Jimbo zima la Ziwa, na lilitajwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika. Yafaa tukumbuke kwamba jengo lile kubwa msingi wake ulikuwa mtu mmoja mwenye macho mazuri, aliyesimama kando ya mizani.

Yaliyofuata mwayajua. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu. Kwa sheria ya mwaka 1982 vikarudishwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena kununua pamba. Mwaka 2012 Mkoa wetu wa Simiyu ukaanzishwa, makao yake yakawa hapa Bariadi. Na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ikaleta Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Katika safari yote hiyo fundisho limekuwa lile lile: chama kilichoweka hesabu zake wazi kilipata watu, na chama kilichozificha kilibaki na jengo na muhuri, wanachama wamekwenda zao.

Sasa mizani ya kidijitali imeanza kuingia vituoni. Tume imeweka mfumo uitwao MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ili vyama vitunze habari zao kwa kompyuta. Dengu na choroko zetu nazo zimeingizwa katika stakabadhi za ghala na katika mnada wa Soko la Bidhaa, TMX, ambako bei hutolewa kwa mtandao. Basi namba zetu zimekwisha kuhama. Zimetoka katika daftari la karani, zimeingia mahali tusipopaona. Hatuna budi kuzifuata huko ziliko.

Taarifa iliyopangwa ni nini

Wengi wetu hupata bei kwa njia ya picha. Mtu hupiga picha tangazo lililobandikwa ukutani, akaituma katika kikundi cha WhatsApp; mwingine akaipeleka mbele, na mwingine vivyo hivyo. Baada ya siku tano picha ile ingali yatembea, ijapokuwa bei imekwisha kubadilika. Picha haijui kuwa imechakaa. Wala simu haiwezi kuihesabu, kwa kuwa kwa simu picha ni rangi tu.

Taarifa iliyopangwa ni kitu kingine. Ni kama ukurasa wa daftari la karani hodari: kila safu ina kichwa chake, na kila neno limewekwa chini ya kichwa linachokistahili. Mafundi wa kompyuta wana namna kadhaa za kuandika ukurasa wa jinsi hiyo, na iliyoenea zaidi leo huitwa JSON. Tukiondoa mabano na alama zake, na kuweka maneno yetu, pokezi moja la pamba laweza kuandikwa hivi. Ni mfano tu. Si hesabu ya mtu yeyote:

mwanachama: 0417
kituo: 12
tarehe: 2025-06-12
daraja: A
uzito: 84.5
kipimo: kilo
bei: 1000
makato: 12000

Tazameni jinsi jambo hili lilivyo jepesi. Upande wa kushoto ni jina la kitu, upande wa kulia ni kitu chenyewe. Mtoto wa darasa la tano aweza kulisoma, na mashine nayo yaweza kulisoma, ikazidisha kilo kwa bei, ikatoa makato, ikaonyesha shilingi 72,500. Tena maneno hayo yote ni machache mno. Picha moja ya tangazo hula bando kuliko mapokezi mia ya namna hii. Kwa mkulima anunuaye bando la siku moja kwa fedha ndogo, hilo si jambo la kudharau.

Safari ya ombi na jibu

Sasa twafuata safari yenyewe. Mwanachama afunguapo programu, simu yake huandika ombi, kama mtu aandikaye barua: anwani ya mahali taarifa zilipo, jambo linaloulizwa, na kitambulisho cha anayeuliza. Barua hiyo hupita mnara wa simu ikafika kwenye seva, yaani kompyuta iliyo kazini usiku na mchana ikitunza daftari kubwa la chama. Seva hutazama kwanza kama anayeuliza ana haki ya kuuliza. Kisha hutafuta, hutoa nakala, na kuirudisha.

Kila jibu huja na namba ya hali yake, na namba hizi ni zile zile dunia nzima. Namba 200 maana yake ombi limejibiwa vema. Namba 401 ni kwamba hujajitambulisha. Namba 404 ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana. Namba 500 ni kwamba seva yenyewe imepatwa na shida. Programu ya mtu mvivu huzifanya zote kuwa kitu kimoja, ikaandika “Hitilafu” na kunyamaza. Programu njema humwambia mkulima kwa Kiswahili: “Mtandao haupatikani”, au “Namba yako ya uanachama haijaandikishwa, mwone karani wako.” Maneno hayo mawili humpeleka mtu mahali pawili mbalimbali, naye hapotezi siku nzima njiani.

Ombi likiwa safarini, simu haina ruhusa ya kusimama kama mlango uliofungwa. Duka jema humtuma kijana ghalani, huku mwenye duka akiendelea kuhudumia watu. Programu nayo yapasa imtume mjumbe wake pembeni, na kioo kiendelee kuitikia kidole. Pale ambapo mtandao ni hafifu, nasi twavijua vijiji vyetu ambako mtu hupanda kichuguu kuutafuta, programu isiyofanya hivyo huganda, na mwenye simu hudhani imeharibika.

Jibu likifika, kazi ya kulichambua huanza. Jineri hutenga nyuzi na mbegu. Programu nayo hutenga tarehe na uzito, na uzito na bei, ikaweka kila kitu katika chombo chake. Kisha huonyesha. Haifai kuomba mapokezi ya misimu mitatu kwa mara moja. Huomba ishirini ya karibuni kwanza, na mwanachama akitaka ya nyuma, huomba ishirini mengine.

Kuna ufundi mmoja katika kuonyesha ambao twataka mwujue, maana una hatari ndani yake. Kioo cha simu hutosha mistari minane au kumi. Programu haitengenezi mistari mia kwa mapokezi mia. Hutengeneza michache tu. Na mtu apandishapo orodha kwa kidole, mstari uliotoweka juu hurudishwa chini ukiwa umeandikwa maneno mapya. Ndiyo sababu simu ndogo yaweza kuonyesha orodha ndefu bila kuchoka. Lakini fundi akisahau kufuta neno moja la zamani, mathalani alama nyekundu ya deni, alama hiyo itabaki juu ya pokezi lisilo na deni. Ni kama debe lililotiwa pamba safi kabla ya kukung'utwa masalio ya fifi. Pamba haina kosa, na karani hana kosa. Debe ndilo halikusafishwa.

Namba inapopotosha pasipo mwongo

Hapo tumefika kwenye kiini cha maneno yetu. Zamani tuliogopa mtu mwenye kuweka kidole juu ya mizani. Leo namba yaweza kupotoka pasipo kidole cha mtu yeyote, na mwanachama aliyeiona akaamini kwamba ameibiwa. Twataja mambo matano.

La kwanza ni tupu na sifuri. Karani akiwa bado hajaingiza bei ya leo, safu ya bei huwa tupu. Programu isiyofundishwa huionyesha tupu kama sifuri. Mkulima wa Meatu afungua simu, aona bei ni 0, aamua kumpa pamba yake mlanguzi jioni ile ile. Au safu ya deni la viuatilifu haijajazwa, mwanachama aona deni 0, ashangilia. Na siku ya malipo akatwa fedha, akalia kwamba chama kimembambikia deni. Sifuri ni habari. Tupu ni ukosefu wa habari. Asiyetofautisha haya mawili asipewe kazi ya kutengeneza programu ya wakulima.

La pili ni saa. Seva nyingi duniani hutunza wakati kwa saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Pamba iliyopimwa saa 2:00 asubuhi, ambayo kwa saa ya kizungu ni 08:00, huandikwa katika seva kuwa 05:00. Fundi asipoibadili wakati wa kuionyesha, mwanachama atasoma kwamba pamba yake ilipimwa saa kumi na moja alfajiri, wakati ghala limefungwa na mlinzi yupo peke yake. Fikirini maneno yatakayozuka kijijini! Karani mwema aweza kufukuzwa kwa sababu ya saa tatu ambazo hakuzijua.

La tatu ni tarehe. Sisi huanza na siku. Wamarekani huanza na mwezi. Ikiandikwa 06/12, kwetu ni tarehe sita Desemba, wakati wa kupanda. Kwao ni tarehe kumi na mbili Juni, wakati wa kuuza. Ndiyo maana katika mfano wetu tumeandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, kama kanuni ya kimataifa inavyoagiza kwa taarifa za kompyuta. Katika kuonyesha, mwezi na uandikwe kwa jina.

La nne ni nukta na mkato. Kwetu 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Katika nchi zilizofuata desturi ya Kifaransa au Kijerumani, mkato hukaa mahali petu pa nukta; hata simu iliyopangwa kwa Kiswahili cha Kongo hufuata desturi hiyo. Programu ikiiachia simu iamue peke yake, kilo 84.5 za mtu mmoja zaweza kuonekana kuwa 84,5 kwa mwingine, na wawili wakagombana kumbe wasema jambo moja. Pamoja na hili, kila uzito utajwe kipimo chake na kila bei itajwe ni ya nini, kwani bei isiyotaja kilo wala daraja ni maneno ya sokoni.

La tano ni majina. Katika chama kimoja cha msingi wamo akina Masanja wangapi? Wamo akina Mabula wangapi? Taarifa ikitafutwa kwa jina, pamba ya huyu itakwenda kwa yule. Kila mwanachama awe na namba yake isiyorudiwa wala kurithishwa, na jina liwe la kumwita tu.

Mwaona, ndugu, kwamba katika mambo matano hayo hakuna mwizi hata mmoja. Lakini kila moja laweza kuvunja uaminifu uliojengwa kwa miaka kumi. Uaminifu ni kama kihenge: kukijenga ni kazi ya msimu, kukitoboa ni kazi ya panya mmoja.

Yaliyo nje ya simu janja

Tusisahau kwamba si kila mwanachama ana simu janja. Wengi wana vitochi, na baadhi ya mama zetu, ambao ndio waliopalilia na kuichuma pamba hiyo, hutumia simu ya mtu mwingine nyumbani. Tukisema hesabu iko kwenye programu, kisha tukanyamaza, tutakuwa tumeweka mizani ndani ya chumba na kuwagawia ufunguo wachache. Uzuri wa taarifa iliyopangwa ni kwamba daftari moja laweza kuwa na madirisha mengi. Bei ile ile iliyo kwenye programu yaweza kutumwa kwa ujumbe mfupi kwenye kitochi, na yaweza kuchapwa na kubandikwa kwenye ubao wa ghala kila asubuhi. Dirisha ni tofauti, daftari ni moja. Na yeyote akiona madirisha mawili yanasema mambo mawili, ana haki ya kupiga kelele.

Vilevile mtandao utakapokatika, programu isigeuke kuwa kioo cheupe. Itunze nakala ya mwisho iliyopata, na iiandike tarehe na saa yake kwa herufi zinazosomeka: “Bei hii ilipokewa jana saa 10 jioni.” Bei ya jana iliyojitaja kuwa ya jana ni msaada, bei ya jana iliyojifanya ya leo ni hasara.

Na kuna siri ya mtu. Bei ni ya wote, na ubao ni mahali pake. Lakini kilo za mwanachama, deni lake, na namba ya simu yake ni vyake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka kila mwenye kukusanya taarifa za watu azitunze na azitumie kwa kazi iliyokusudiwa tu. Chama chetu kimo ndani ya sheria hiyo. Basi programu impe kila mwanachama hesabu yake yeye, na barua zote kati ya simu na seva zisafiri zikiwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, ili asiyehusika asizisome njiani. Orodha ya wadaiwa isiwe kitu cha kupitishwa kijiweni.

Wapimaji wa leo

Bwana Mwenyekiti, maelezo peke yake hayajengi. Kamati yetu imeleta mapendekezo, nayo twaomba yafikiriwe na Bodi, kisha yafikishwe katika mikutano ya vyama vya msingi kabla programu haijapokewa.

Kwanza, hakuna namba itakayoonyeshwa bila mambo matatu: imetoka wapi, ni ya siku na saa gani, na ni ya kipimo gani.

Pili, mahali pasipo na habari paandikwe “bado haijaingizwa”, wala pasiandikwe sifuri kamwe.

Tatu, stakabadhi ya karatasi iendelee kutolewa penye mizani, ikiwa na namba ya pokezi ile ile iliyo katika seva. Karatasi na simu zikitofautiana, pokezi hilo lichunguzwe kabla ya malipo, wala mwanachama asiambiwe kwamba mashine haikosei.

Nne, kosa likionekana lisifutwe kimya kimya. Karani aandike sahihisho jipya chini yake, lenye tarehe na jina lake, kama ilivyo desturi ya daftari la fedha. Na vyote viwili vionekane.

Tano, gharama za seva na za fundi ziwekwe wazi katika makisio ya kila mwaka. Programu si trekta linalonunuliwa mara moja. Yafanana zaidi na ng'ombe, huliwa majani kila siku. Chama kisichotenga fedha hizo kitaamka siku moja daftari lake limefungwa katikati ya msimu.

Sita, na hili ndilo tunalolipenda kuliko yote: kila chama cha msingi kichague wanachama wawili, mmoja wao awe mwanamke, wasio makarani wala wajumbe wa bodi. Kila juma la msimu wachukue stakabadhi tano za wanachama waliokubali, wazilinganishe na yale yaliyo katika simu, kilo kwa kilo na shilingi kwa shilingi. Kisha waandike walichokiona kwenye ubao wa ghala, kiwe chema au kibaya. Hawahitaji kujua kutengeneza programu, kama vile wapimaji wa miaka ya 1950 hawakuhitaji kujua kufua chuma cha mizani. Wahitaji macho, hesabu za shule ya msingi, na moyo usioogopa.

Maofisa wengine watasema kwamba jambo hili laonyesha kutowaamini makarani. Twajibu kwa heshima kwamba sivyo. Karani mwaminifu ndiye wa kwanza kuhitaji wapimaji hao, maana siku saa ya seva itakapomsingizia kwamba alifungua ghala alfajiri, nani atakayesimama kumtetea kama si watu waliochaguliwa na wanachama wenyewe? Na wanachama wengine watasema kwamba mashine ina akili kuliko mtu, basi tuiachie. Hao nao twawajibu: mashine hubeba tu kile ilichopewa. Ikipewa pamba fifi, haitatoa nyuzi safi.

Ndugu wanachama, Mkoa wetu wategemewa na nchi nzima kwa pamba. Jembe letu ni imara, ardhi yetu twaijua, na umoja wetu umefikisha miaka kumi. Kilichobaki ni kwamba tusiwe wageni katika hesabu zetu wenyewe. Wazee wetu hawakuikataa mizani kwa sababu ilikuwa mikononi mwa mwingine. Waliisogelea, wakajifunza kuisoma, wakaifanya yao. Sisi nasi tuisogelee simu kwa moyo huo huo. Anayejua kusoma na akae na asiyejua, kijana na akae na babu yake, na kila chama cha msingi kitenge siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, watu wafundishwe kusoma pokezi moja tangu jina la safu ya kwanza hata shilingi ya mwisho.

Twakitakia Chama Kikuu maisha marefu. Twawatakia ninyi nyote mvua za wakati wake, pamba safi, na hesabu zinazosomeka.

Ushirika ni nguvu.